Sijawahi Kula Blackcurrant

Wasee, kuna kitu nataka kutubu. Mwaka jana niliposti waini fulani nyekundu nikasema ina "harufu ya blackcurrant na mwaloni". Dada mmoja wa Kondele akaniamini. Akatoa shilingi 3,000 zake, akaibeba kwa bathidei ya mamake. Mamake alipiga funda moja, uso ukakunjamana, na chupa ikabaki pale mezani mpaka wageni wakaenda. "Si ulisema ni ya matunda?" akaniandikia.

Sasa ukweli. Blackcurrant yenyewe sijawahi kuiona. Naijua ya Fanta. Na Mwaloni pekee ninayoijua ni ile ya Kirumba, Mwanza, na hapo wanauza dagaa. Yale maneno niliyatoa nyuma ya chupa.

Kwa hivyo wikendi iliyopita nilibeba chupa nne nikaenda nyumbani, Luanda Kotieno. Nikakaa nyuma ya nyumba ya Dani, mahali unaona feri ya Mbita ikija. Sheria ilikuwa moja tu: hakuna kutaja tunda ambalo sijakula. (Kama hujafika miaka 18, wewe leo unasoma tu.) Jua la ziwani halihurumii waini, basi nikanunua barafu kwa wale wanaohifadhi samaki, nikazika chupa kwenye ndoo.

4th Street nyekundu, ya Afrika Kusini, mnaijua. Ni kama juisi ya zambarau iliyotiwa sukari na mtu ambaye haonji anachopika. Ikiwa baridi inashuka poa, ikipata joto inaganda kooni. Lakini ndiyo waini ya kwanza ya wengi wetu, mimi nikiwemo, na wanaocheka watu wanaoipenda wananiboesha.

Leleshwa ndiyo ilinishtua. Sauvignon Blanc, zabibu za hapa hapa Kenya, Bonde la Ufa. Kwanza ndimu. Halafu lile pera la kijani unaloiba kabla halijaiva. Halafu harufu ya nyasi mtu akitoka kufyeka. Jirani alikuwa anakaanga ngege, nikaomba kipande. Aki! Mafuta ya samaki yakapunguza ule ukali, na waini nayo ikasafisha mdomo, nikataka kipande kingine. Nilirudi kwa jirani mara tatu bila aibu.

Ya tatu ni Pinotage. Hii zabibu ilizalishwa Stellenbosch mwaka 1925, Abraham Perold alipochanganya Pinot Noir na Cinsaut. Nilikuwa naiogopa, kwa sababu ile chupa ya Kondele ilikuwa ya aina hii. Na kweli, ulimi ulikauka kama nimekunywa chai ya rangi iliyosahaulika kwenye sufuria hadi ikawa nyeusi. Kinachokausha kinaitwa tanini, na kwenye chai kipo kweli. Ndicho pia kinakukaza mdomo ukila zambarau nyingi. Kwa mbali kuna moshi, kama mbuta wa kubanikwa. Si waini mbaya. Ila ningesema tu "ni kali kama chai ya rangi bila sukari, itafutie nyama choma", yule dada angejiamulia mwenyewe.

Hapo Dani akafika, ametoka kugeuza omena zake juani. Dani hanywi. Kikombe anachokijua ni kile cha Ushirika kanisani, lakini amekijua miaka mingi kuliko umri wangu. Ya nne ilikuwa Dompo, nyekundu tamu ya Dodoma, kule wanakovuna zabibu mara mbili kwa mwaka. Rafiki alinivushia Isebania. Nikamwomba Dani anuse tu.

"Nyakwara, hii ni ya meza ya Bwana."

"Na nini kingine?"

Akafunga macho. "Zabibu kavu. Na sukari imeungua kidogo, ile ya kutia keki rangi."

Nikaonja. Zabibu kavu, na sukari imeungua kidogo. Nikampa na Pinotage anuse.

"Hii mtu alipika akasahau," akasema. Halafu akaniuliza, "Na hiyo blackcurrant yako, mti wake unafananaje?"

Nilijifanya naangalia feri.

Jana nimemwandikia yule dada wa Kondele. Nimemwambia chupa inayofuata ni juu yangu, na nimemuuliza mamake hunywa chai yake vipi.