Kibaba cha Kupimia Mto

Watu wa Unguja ni mabingwa wa vipimo tangu zamani. Karafuu hupimwa kwa pishi, na mchumaji hulipwa kwa pishi. Mchele ulipimwa kwa kibaba, na vibaba vinne vikatimiza pishi moja. Nguo ilipimwa kwa wari, kamba kwa pima, na maji ya kuchota kwa debe. Hata bahari ina hesabu yake. Mvuvi wa Malindi au wa Kizimkazi hutazama mwezi akajua kama leo ni bamvua au ni maji mafu, na ngalawa yake itaelea saa ngapi. Lakini umwulize mtu huyo huyo kijito kinachopita nyuma ya shamba lake hupitisha maji kiasi gani kwa siku, naye atakujibu kwamba ni mengi, au kwamba siku hizi yamepungua. Jibu hilo si la uongo, ila halina kibaba.

Makala haya yanamwalika msomaji katika safari fupi, ambayo jamaa nzima yaweza kuifanya kwa daladala na kwa miguu katika siku moja, kutoka bandarini Mji Mkongwe hadi bonde la Mwera. Tutafuata maji, na kila tutakaposimama tutauliza swali moja tu: yanapimwaje?

Yafaa tuanzie bandarini, kwani hapo maji yanapimwa usiku na mchana. Katika siku za bamvua kubwa, tofauti baina ya maji kujaa na maji kupwa hapa Unguja hukaribia mita 4. Bandarini pana kituo cha kupima kimo cha bahari, ambacho kumbukumbu zake zaanzia mwaka 1984, nacho ni kimoja katika mtandao wa vituo vya namna hiyo ulimwenguni kote. Katika vipimo vya mtindo wa zamani, bomba refu husimamishwa majini, likawa na tundu dogo chini. Mawimbi hupiga nje, lakini ndani ya bomba maji hupanda na kushuka taratibu, pamoja na boya lililofungwa kwenye kalamu ya kuandikia. Hivyo kipimo hakidanganywi na wimbi moja kubwa wala na upepo wa alasiri.

Faida ya kumbukumbu hizo haihitaji hoja ndefu. Nyuma ya Mji Mkongwe palikuwa na hori ya bahari iliyoutenga mji na Ng'ambo, na jina la Darajani lakumbusha daraja lililoivuka. Hori hiyo ilifukiwa kidogo kidogo, na kazi ikamalizika katika karne ya 20. Hata hivyo bahari haikusahau njia yake. Katika miaka ya karibuni maji ya bamvua yameonekana tena katika viwanja vya Mnazi Mmoja. Wazee watasema bahari imepanda. Kituo cha bandarini ndicho kinachoweza kusema imepanda kwa kiasi gani, na tangu lini.

Tukishika njia ya kaskazini, kilomita chache tu nje ya mji, twafika Mtoni. Jina lenyewe latosha kueleza kwa nini Sayyid Said bin Sultan alichagua kujenga kasri lake hapo. Binti yake Salme, aliyezaliwa katika kasri hilo mwaka 1844, aliandika kumbukumbu zake kwa Kijerumani, zikachapishwa mwaka 1886. Anaeleza humo jinsi kijito cha Mtoni kilivyopita ndani ya kasri na kumwagikia baharini nyuma ya kuta zake. Leo kasri ni magofu. Mgeni asimamaye hapo huvutiwa na matao na mahodhi, akasahau kwamba maji ndiyo yaliyotangulia, na nyumba ikayafuata.

Mbele kidogo ni Bububu. Wapo wasemao jina hili limetokana na mlio wa garimoshi lililoanza safari zake kutoka mjini mwaka 1905. Wengine hulihusisha na sauti ya maji yanayobubujika. Lililo wazi ni kwamba Bibi Salme alilitaja jina la Bububu katika kitabu chake kabla garimoshi halijafika. Kwa hiyo kesi ya garimoshi ni dhaifu. Ni kutoka chemchemi za upande huu ndipo Sayyid Barghash, aliyetawala tangu 1870 hadi 1888, alipojenga mfereji wa kupeleka maji safi mjini. Wakazi wa mji ambao miaka michache kabla, katika 1869 na 1870, walikuwa wameangamizwa na kipindupindu huku wakinywa maji ya visima vilivyo katikati ya nyumba zao, hapana shaka waliyapokea maji hayo kama neema.

Chemchemi ndogo hupimwa kwa njia ambayo hata mtoto aiweza. Kinga ndoo ya lita 20 chini ya maporomoko, hesabu sekunde hadi ijae. Ikijaa kwa sekunde 10, chemchemi yatoa lita 2 kwa sekunde. Maji yakiwa mengi kuliko ndoo, mafundi hujenga kizingiti cha saruji au cha bati, wakakikata pengo lenye umbo la herufi V, na maji yote yakalazimika kupita hapo. Kisha kinachopimwa si maji yenyewe bali kimo chake juu ya ncha ya pengo. Katika pengo lenye pembe mraba, kimo cha sentimita 10 ni kama lita 4 na nusu kwa sekunde. Je, kimo kikiwa sentimita 20? Wengi watajibu lita 9. Jawabu sahihi ni takriban lita 25. Kimo kimezidi mara mbili, maji yamezidi zaidi ya mara tano, kwa sababu pengo hupanuka kadiri maji yanavyopanda, na mwendo wake nao huongezeka. Hapa ndipo jicho linapodanganyika.

Kutoka Bububu nchi yapanda kuelekea msitu wa Masingini, uliohifadhiwa kwenye ukingo wa juu wa kisiwa. Mlima kwa maana ya bara haupo. Sehemu ya juu kabisa ya Unguja ni kiasi cha mita 120 tu. Lakini ukingo huu ndio tangi letu. Mvua za masika, tangu Machi hadi Mei, na za vuli, tangu Oktoba hadi Desemba, huanguka juu ya miti, zikapenya udongo mzito wa upande wa magharibi, kisha zikatoka polepole mabondeni. Mahali palipokatwa miti na kujengwa nyumba, mvua ile ile huteremka kwa kishindo, ikachukua udongo, na baada ya saa chache bonde likakauka. Mvua haikupungua, imepotea njia.

Sasa tuteremke hadi Mwera, mto mkubwa wa Unguja. Mgeni kutoka Rufiji au Pangani huenda akatabasamu akiona tunachokiita mto mkubwa. Hata hivyo Mwera una ajabu ambayo mito hiyo haina: haufiki baharini. Ukiacha udongo wa mabonde na kuingia katika nchi ya maweni, ule mwamba wa matumbawe uliojaa matundu, maji yake hunywewa na ardhi.

Tuseme watoto wako wamesimama ukingoni mwa kijito chochote salama, kisicho na kina. Wapimishe mita 10 za kijito kilichonyoka, waweke kijiti mwanzo na kijiti mwisho. Watupe chungwa majini juu kidogo ya kijiti cha kwanza. Chungwa lafaa kuliko jani, kwani huzama nusu na halisukumwi na upepo. Likichukua sekunde 40, mwendo wa juu ni sentimita 25 kwa sekunde. Maji ya chini huenda polepole zaidi kwa kusuguana na mchanga, basi tuchukue sehemu nane katika kumi: sentimita 20. Kijito kikiwa na upana wa mita 1 na kina cha wastani cha sentimita 20, hesabu yatoa lita 40 kwa sekunde, yaani ndoo mbili kila sekunde. Kwa siku moja ni ndoo 172,800. Mtoto aliyeifanya hesabu hiyo kwa mkono wake hatakidharau tena kijito.

Wataalamu hutumia vyombo bora zaidi, lakini msingi ni huo huo. Husimamisha mtoni ubao uliochorwa sentimita, na mtu wa karibu akapewa kazi ya kuusoma asubuhi na jioni. Mara kadhaa kwa mwaka, masika na kiangazi, huja kupima mwendo wa maji wenyewe, wakalinganisha na kimo cha siku hiyo. Baada ya vipimo vingi hupatikana mchoro unaoonyesha kila kimo kina maji kiasi gani. Tangu hapo, yule msomaji wa ubao huwa ameupima mto kwa kutazama tu.

Umuhimu wa subira hiyo unaonekana Jinja, nchini Uganda, ambako kimo cha Ziwa Victoria kimeandikwa tangu mwaka 1896. Kati ya 1961 na 1964 ziwa lilipanda kwa kiasi cha mita 2 na nusu. Mwaka 2020 lilipopanda tena hadi kukifikia kimo cha 1964, hapakuwa na haja ya kubishana na kumbukumbu za wazee, tarakimu zilikuwapo.

Kwetu Unguja jambo ni zito zaidi, kwa kuwa sehemu kubwa ya maji yetu haionekani. Maji yanayonywewa na maweni huenda kukaa chini ya ardhi, yakiwa yameelea juu ya maji ya bahari. Wataalamu hukadiria kwamba maji matamu yakishuka sentimita 1 kisimani, mpaka wa chumvi chini yake waweza kupanda kama sentimita 40. Ndiyo maana visima navyo hupimwa kwa utepe uliopakwa chaki: hushushwa hadi ukagusa maji, na sehemu ya chaki iliyolowa huonyesha kina. Mwaka 1978 watu wa Unguja na Pemba walihesabiwa wakawa 476,111. Katika sensa ya 2022 walikuwa 1,889,773. Watu wamekaribia kuwa mara nne. Ukingo wa Masingini haukurefuka hata hatua moja.

Kwa hiyo, msomaji, usiitazame mito yetu wakati wa masika peke yake, pale kila bonde linaponguruma na kila mtu anaposema maji ni tele. Nenda Februari, jua linapowaka na vuli imekwisha sahauliwa. Maji utakayoyakuta wakati huo ndiyo akiba ya kweli ya kisiwa, kwa sababu yametoka ardhini na si mawinguni. Yakipungua mwaka baada ya mwaka, ubao uliosomwa kila siku utatuonya tungali na nafasi ya kuzuia shoka na kuhamisha pampu. Pasipo ubao, atakayetangulia kujua ni mama atakayeonja maji ya kisima chake, akayakuta yana chumvi.