Gauni Zuri Lisilo na Mwenyewe

Leo tunawaletea habari ya rapu. Msishtuke! Wapo kati yenu wasiosikiliza muziki kabisa, na hilo tunaliheshimu. Hatukuja kumshawishi mtu. Tumekuja kusimulia lililotukuta kwenye cherehani, na bi harusi mtarajiwa aliye huko Unguja au Pemba huenda likamfaa.

Kwa mliofika leo: sisi ni mawifi wawili, wazaliwa wa Unguja, tunaoshona Bariadi, mkoani Simiyu. Mume wa mmoja wetu, ambaye ni kaka wa mwingine, alikuja huku kwa biashara ya choroko, nasi tukamfuata na cherehani zetu. Tunashona magauni ya nikaha, mabuibui, na sare za shule Januari ikifika. Watu wa huku ni wakarimu, mashaallah. Ukijua kuitikia "mwadila" ushapata wateja nusu.

Jumatatu moja alikuja bi harusi wetu kujaribu gauni. Nikaha Ijumaa. Mama yake ni Msukuma wa Itilima, baba ni mtu wa Tanga, na binti mwenyewe ni wa kucheka kwa sauti, anatembea mbio, akizungumza mikono inazungumza pamoja naye. Gauni lilikuwa la lesi nzito tuliyoiagiza Kariakoo, mkia mrefu, mikono ya kubana mpaka kiganjani. Alivaa, akasimama mbele ya kioo, akanyamaza. Binti yule kunyamaza! Kisha akasema taratibu, "Nguo nzuri, dada zangu. Ila mbona kama nimeazima?"

Wallahi tuliumia. Wiki tatu za kazi, macho yamechoka kwa kushona shanga. Alipoondoka tulianza kumlaumu yeye: hajui anachotaka, picha kachagua mwenyewe kwenye simu, na advansi tumeshainunulia lesi.

Usiku ule tulikesha na sare za watu. Msichana anayejifunza kazi kwetu alikuwa amefungulia simu yake albamu mpya ya rapa anayempenda. Jina la rapa tunalihifadhi, maana kumsema mtu asiyekuwepo hakuna faida. Midundo ilikuwa safi, sauti imepangwa vizuri, wageni waalikwa kila wimbo. Lakini nyimbo ziliingia na kutoka kama mabasi ya stendi, hatukujua ipi imekwisha na ipi imeanza. Ilipofika ya nane msichana aliizima mwenyewe. "Dada, kila kitu kipo," akasema, "ila yeye simwoni."

Tukatazamana. Maneno yale tulikuwa tumeyasikia mchana, kwa njia nyingine.

Basi tukaanza kuzungumza, sindano zikienda. Kwa nini mtu mwingine ukimsikia mara moja humsahau? Sisi tulikuwa wasichana wadogo wakati wa Professor Jay. Mwaka 2001, baada ya kutoka kwenye kundi la Hard Blasters, alitoa albamu ya Machozi, Jasho na Damu. Ndani yake kuna Ndio Mzee, ambamo anajifanya mgombea anayeahidi kila kitu na watu wanaitikia tu. Hata bibi zetu wasiojua rapu ni nini walicheka, kwa sababu mzee yule walimfahamu, amewahi kupita mtaani kwao. Mwaka 2015 Joseph Haule huyo huyo akachaguliwa kuwa mbunge wa Mikumi. Na mwanzoni mwa 2022, alipolazwa Muhimbili akiwa hoi, nchi nzima ilimwombea dua, Waislamu kwa Wakristo. Mdundo hauombewi dua. Waliokuwa wakiomba walihisi wanamjua mtu.

Au nenda nyuma zaidi. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, Saleh Jabir aliuchukua wimbo wa Mmarekani Vanilla Ice, Ice Ice Baby, akautilia maneno ya Kiswahili. Muziki ulikuwa wa kuazima, hakuuficha. Lakini aliyesikika mle ndani alikuwa kijana wa Kiswahili, mwenye maneno ya kwao. Kwa hiyo kuiga peke yake si kosa. Na sisi mafundi nani asiyeiga? Kila mkato una mama yake. Swali ni kama aliyevaa anaonekana.

Kinyume chake ni MC Hammer, na huyu sisi mafundi tunamwelewa kwa suruali yake! Mnaikumbuka? Pana kiunoni mpaka magotini, kitambaa kinaning'inia katikati, chini imebana kwenye kifundo, kama shalwari za akina mama wa Kihindi. Ilishonwa hivyo impe nafasi ya kucheza, na yeye alikuwa mtu wa kucheza na kuchangamsha watu. Albamu yake ya mwaka 1990 iliuza zaidi ya nakala milioni 10 Marekani. Kisha upepo ukageuka, marapa wakali wakawa ndio wanaotazamwa. Mwaka 1994 akatoa The Funky Headhunter. Suruali kaiweka kando, uso kaukunja, na kwenye video moja kavaa kichupi cha kuogelea tu. Astaghfirullah! Watu hawakumwamini. Waliopenda ukali walikuwa na wakali wao, na waliompenda Hammer hawakumwona Hammer. Albamu ile haikukaribia hata kidogo mauzo ya ile ya 1990, na mwaka 1996 alitangaza mahakamani kuwa amefilisika. Kufilisika kwake kulikuwa na sababu nyingine pia, matumizi makubwa mno, tusimwonee. Lakini yule mtu mkali alikuwa nguo ya kuazima.

Hapo msichana wetu akatuchekesha. Akasema Wasukuma walishalijua hilo kabla ya redio. Baada ya mavuno huku kuna mashindano ya ngoma ya Bagika na Bagalu. Makundi mawili yanacheza uwanja mmoja, wakati mmoja, kila moja na upande wake. Watazamaji wako huru kuhama, na penye watu wengi ndipo kwenye ushindi. Ngoma zinafanana, zinalia pamoja. Kinachowavuta watu ni manju: maneno yake, vituko vyake, anavyojiamini. Akipooza, anabaki na uwanja mtupu huku ngoma bado zinalia vizuri.

Tulicheka, kisha tukanyamaza, kwa sababu uwanja wetu nao ulikuwa unapungua watu. Tuseme ukweli. Karibu nusu mwaka tulikuwa tunashona gauni moja. Lesi ile ile, mkia ule ule, picha zile zile za simu. Bi harusi akija tunampima, tunampa simu achague, basi. Yule binti hatukumuuliza hata swali moja. Tulijua kifua chake inchi ngapi, hatukujua kwamba anacheka mpaka anajishika magoti. Mikono ile ya kubana ilimfunga kama mgonjwa.

Asubuhi ya Jumanne tulimpigia simu, tukamwomba msamaha na kumwomba arudi. Safari hii tulimkalisha, tukamtilia chai, tukamwacha azungumze. Kisha tukafumua. Mkia tukaukata wote. Mikono tukaifungua, ikawa mipana, yenye stara ile ile, lakini inamruhusu kuinua mkono. Bitana ngumu tukaitoa, tukaweka laini. Lesi ya mkia tukaigeuza mtandio wa mama yake. Hasara ya siku tatu tukaibeba wenyewe, kwa sababu kazi ya mtu ni amana, na kosa lilikuwa letu.

Ijumaa tulialikwa. Binti alipoingia kwa wanawake, shangazi mmoja wa Itilima alipiga vigelegele, na bi harusi, badala ya kuinamisha uso kama sanamu, akacheka kicheko chake kile kile. Tulisikia mtu nyuma yetu akisema, "Huyo ndiye." Gauni hakulitaja, nasi hatukuhitaji alitaje.

Basi wapenzi, ukienda kwa fundi, picha peleka, hakuna ubaya. Lakini mwambie pia unavyokaa, unavyotembea, ni nani utakayemkumbatia kwanza siku hiyo, na kama wewe ni mtu wa machozi ya haraka, maana tutajua pa kukuwekea mfuko wa leso. Fundi akikuona msumbufu, mvumilie, mwambie tena. Sisi tulihitaji kuambiwa mara mbili.

Msichana wetu bado anamsikiliza rapa wake, lakini zile nyimbo za zamani. Anasema ipo siku atarudi mwenyewe. Inshaallah.