Biryogo, Kigali: Kipakatalishi Chenye Masikio

Msafiri wa basi atokaye Mombasa kwenda Kigali hupita Nairobi na Kampala, kisha huanza kupanda vilima visivyokwisha hadi mpakani Gatuna. Ng'ambo ya pili Kinyarwanda ndicho kitawalacho, sokoni na nyumbani, na mtu wa pwani hujikuta kama bubu. Ulimi humfunguka afikapo Nyamirambo na kuingia mtaa wa Biryogo. Hapo Kiswahili kimekuwa lugha ya mitaani kwa vizazi, tangu zama za Wajerumani walipofika askari na wafanyabiashara kutoka mashariki, hata Wanyarwanda wengine wakazoea kuwaita Waislamu wote "Waswahili". Mwaka 2017 serikali nayo ilikifanya Kiswahili kuwa miongoni mwa lugha rasmi za nchi. Tuliitikiwa salamu kila kona, na chai ya maziwa tuliyonyweshwa haikuwa na upungufu wa tangawizi.

Lakini si chai tuliyokusudia kuisimulia wiki hii. Mwenyeji wetu, mama mjane anayeshona nguo za wanawake, alifungua sanduku lake akatoa kitu kilichoviringwa kanga. Kilikuwa kipakatalishi kidogo, cheupe na kijani, ukubwa wa kitabu kinene, chenye mkono wa kubebea. Juu kina masikio mawili: yakiinuliwa huwa antena, yakilazwa hufunga kifuniko na kuziba matundu ya waya vumbi lisiingie. Vibonye vyake ni vya mpira. Skrini yake ya inchi 7.5 ni ya ajabu, kwani taa ikizimwa hubaki maandishi meusi yanayosomeka katikati ya jua la adhuhuri, jambo ambalo simu zetu za bei kubwa zinalishindwa.

Jina lake ni XO, na ni zao la mradi wa One Laptop per Child. Profesa Nicholas Negroponte wa Marekani aliutangaza mwaka 2005, akiahidi kompyuta ya dola 100 kwa kila mtoto wa nchi maskini. Ilipoanza kuundwa kwa wingi mwezi Novemba 2007 bei ilikuwa imefika kama dola 188. Hata hivyo Uruguay iliwagawia wanafunzi wote wa shule zake za msingi za serikali, na hapa Afrika ni Rwanda iliyojitokeza zaidi, ikapokea vipakatalishi zaidi ya 200,000.

Tulimwuliza mama swali lililokuwa mbele ya maswali yote: je, hiki ni cha shule? Maana mali ya shule ni amana, na haifai kuguswa ndani yake bila idhini ya wenyewe. Akatutoa wasiwasi. Kaka yake aliyeko Canada alikinunua mwishoni mwa mwaka 2007 katika ule mpango wa kutoa kimoja na kupata kimoja. Mtu alilipa dola 399, kimoja kikaenda kwa mtoto wa nchi maskini na cha pili kikawa chake. Hicho cha pili ndicho alichomletea binti wa dada yake kuwa zawadi. Binti alikitumia miaka yake yote ya shule ya msingi. Sasa ameolewa Bujumbura, na ndugu yake mdogo wa miaka 11 ndiye anayehitaji pa kujifunzia kuandika, na mama mwenyewe pa kuwekea hesabu za vitambaa.

Tatizo lilikuwa mfumo uliomo. Unaitwa Sugar, na umejengwa juu ya Linux ya Fedora. Mtoto akiwasha haoni mafaili wala mafolda, bali huona umbo la mtu katikati na michezo na masomo yakimzunguka, na kila alichofanya hujiandika chenyewe katika shajara. Kwa mtoto wa miaka saba ni ubunifu wa kupendeza. Kwa mshonaji anayetafuta hesabu ya mwezi jana ni kuzungushwa tu. Isitoshe, kivinjari chake kimezeeka kiasi kwamba kurasa nyingi za leo hazifunguki.

Kijana wa kaka yake mwingine, mwanafunzi wa chuo, alikuwa amejitolea kusaidia. Akasema, "Shangazi, nifute kila kilichomo niweke mfumo mpya."

Mama akakivuta kipakatalishi kifuani. "Hapana, mwanangu. Humo mna sauti ya baba yao."

XO ina kamera na maikrofoni. Binti, akiwa na miaka minane, alimrekodi baba yake akimwita aje kula, naye akicheka na kukataa. Baba alifariki miaka miwili baadaye. Hakuna nakala nyingine popote.

Kijana alinyamaza kidogo, kisha akabadilisha shauri. Kwanza alinakili shajara yote katika flashi mbili, moja akamkabidhi shangazi yake hapo hapo. Pili, aliamua kutougusa mfumo wa zamani kabisa. Chini ya ukingo wa skrini, mahali ambapo mtu haoni mpaka aigeuze, pana tundu la kadi ya kumbukumbu. Mfumo mpya ungekaa katika kadi. Kadi ikiwamo, mashine huamka na mfumo mpya. Ikitolewa, huamka na Sugar kama ilivyokuwa.

Palibaki kufuli. Waundaji walihofia wezi, wakaifanya XO ikatae mfumo wowote usio na saini yao. Mwenye kutaka kuweka mwingine hana budi kuwa na ufunguo, ambao ni faili dogo lililotengenezwa kwa nambari ya mashine ile ile, iliyobandikwa ndani ya kitako cha betri. Ufunguo wa mashine moja haufungui nyingine. Heri kwao kwamba mjomba wa Canada alikwisha kuuomba zamani na akauhifadhi. Kijana aliuweka katika flashi ndani ya folda iitwayo security, akawasha, akaandika amri moja ya kuondoa ulinzi, na kufuli ikaachia. Sisi tulioketi mkekani tulishangaa kwamba mtu aliyelipia kitu aombe ruhusa ya kukifungua. Lakini tulielewa pia hofu ya mzazi ambaye mwanawe hubeba kompyuta njiani.

Katika kadi alikuwa ameweka Debian yenye sura nyepesi iitwayo LXDE, pamoja na AbiWord ya kuandikia na Gnumeric ya hesabu. Hakuweka zaidi, kwa kuwa kumbukumbu ya mashine ni megabaiti 256 tu, na kila cha ziada ni mzigo. Ilichukua muda kuamka, mama akapata nafasi ya kwenda jikoni na kurudi. Kisha ikawa na mafaili, mafolda, na jedwali ambalo aliandika kwa kidole kimoja: kitenge, mita sita.

Tusiwadanganye wasomaji wetu. Kurasa nzito za intaneti bado huikaba pumzi mashine hii. Na mlango unafungwa taratibu: Debian 12 ya mwaka 2023 haikubali tena kichakataji cha aina hii, kwa hiyo kijana alilazimika kutumia toleo la zamani. Wala kompyuta peke yake haisomeshi. Nchini Peru, ambako ziligawiwa mamia ya maelfu, utafiti uliotolewa mwaka 2012 haukuona maendeleo katika alama za hisabati na lugha. Mtoto wa Biryogo ana mama anayeketi naye jioni, na hilo halimo katika kadi.

Aliye na mashine ya namna hii kabatini, na tunajua zimo hata huku kwetu, aanze kwa kuitoa betri na kuiandika nambari iliyo chini yake. Aiwashe aone kama tarehe ni sahihi, maana betri ndogo ya saa ikifa, mashine iliyofungwa huweza kukataa kuamka. Akiona shajara inafunguka, ainakili yote, na amwulize mtoto aliyeitumia, hata kama sasa ni mtu mzima, aliweka nini humo.