Kibokoni: Mtaa wa Kusikilizwa Usiku

Wageni wengi wanaozuru Mji wa Kale wa Mombasa huja na kamera. Hupiga picha Ngome ya Yesu, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593 na ambayo UNESCO iliitangaza kuwa urithi wa dunia mwaka 2011. Hupiga picha milango ya nakshi na roshani za mbao za Ndia Kuu, kisha hurudi hotelini kabla giza halijaingia. Si vibaya. Lakini karibu na ngome hiyo upo mtaa ambao macho pekee hayautoshi. Mtaa huo husikilizwa, na wakati wake ni usiku. Jina lake ni Kibokoni.

Kufika huko si kazi. Ukiwa Makadara, au mwisho wa Barabara ya Nkrumah, muulize mtu yeyote naye atakuelekeza. Kama una gari, liache nje. Vichochoro ni vyembamba, na hiyo nafasi ndogo iliyopo tayari inagombaniwa na tuktuk, pikipiki na mikokoteni ya mahamali. Huu ni mtaa wa kutembea kwa miguu, tena polepole.

Nyumba zinazosema

Kabla ya kuzungumzia muziki, msomaji, ni vyema kwanza tuzitazame nyumba, kwa kuwa ndizo zinazoubeba muziki huo. Nyingi ya zilizosimama leo katika Mji wa Kale zilijengwa katika karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20. Kuta za zile kongwe ni za matumbawe na chokaa, nazo ni nene. Dari zake zimeshikwa na boriti za mikoko. Boriti ya mkoko haiwezi kubeba dari yenye upana unaozidi mita 3 hivi, na ndiyo sababu vyumba vya nyumba za zamani za pwani ni virefu na vyembamba.

Ukuta mnene huzuia joto na kelele. Dirisha lililo wazi, hata hivyo, halizuii chochote. Sauti ikitoka dirishani hukutana na ukuta wa jirani hatua chache tu mbele, ikarudi, ikapanda juu baina ya roshani mbili, na mtu aliye kichochoro cha pili akaisikia bila kujua imetoka nyumba gani.

Ndiyo maana Kibokoni ina saa zake za masikio. Alasiri utasikia watoto wakitoka chuoni na mahamali wakiomba njia. Magharibi ikiingia, adhana hutoka misikiti kadhaa, mmoja ukitangulia, mwingine ukifuatia, hata sauti zikasukana hewani. Baada ya isha vishindo hupungua. Muuza kahawa hugonganisha vikombe vyake kuwaita wateja, wazee hukaa barazani, na kutoka dirisha fulani la juu huanza kusikika udi.

Kijana na muziki wa giza

Likizo moja nilifuatana na mpwa wangu, mwanafunzi wa chuo kikuu huko Nairobi. Kama vijana wengi wa leo, masikio yake yalikuwa yamezibwa tangu tulipoondoka nyumbani. Nilipomuuliza anasikiliza nini, alinijibu kuwa ni roki ya gothiki.

Kwa msomaji asiyeufahamu, muziki huo ulizuka Uingereza mwishoni mwa miaka ya 1970. Mwaka 1979 kundi la Bauhaus kutoka mji wa Northampton lilitoa wimbo unaomtaja Bela Lugosi, mwigizaji wa filamu ya Dracula ya mwaka 1931. Wimbo huo una zaidi ya dakika 9, na zaidi ya dakika 2 hupita kabla mwimbaji hajafungua kinywa. Gitaa la besi hutangulia mbele, ngoma hurudiarudia, gitaa jingine hupiga kelele kwa mbali mithili ya mlango mbovu. Albamu ambayo mpwa wangu alikuwa akiisikiliza ni Disintegration ya kundi la The Cure, iliyotoka mwaka 1989. Kwenye sidii ina zaidi ya dakika 70. Nyimbo zake ni ndefu, za polepole, zimejaa mwangwi na majonzi. Wenye kuipenda hawachagui wimbo mmoja. Huizima taa, wakaisikiliza yote kama mtu aliyeingia katika nyumba kubwa na kupita chumba baada ya chumba.

Tulikuwa tumeketi kwenye baraza moja tukinywa kahawa. Mzee aliyekuwa kando yetu alimtazama kijana kwa muda.

"Shikamoo, babu," mpwa wangu alisema alipogundua anatazamwa.

"Marahaba, mwanangu. Wasikiza nini hata mwenzio akikusemeza husikii?"

Kijana aliona haya. Alitoa kidude kimoja cha sikioni akampa mzee. Mzee akakipachika, akafumba macho, akanyamaza kwa dakika mbili tatu. Mimi nilidhani atakirudisha kwa kuchukizwa.

"Huyu ana msiba," alisema hatimaye, "lakini hana pupa. Nasi tunao wa namna hii."

Akamwita mjukuu wake, akamtuma ndani akalete redio ya kanda.

Kanda iliyotafunwa

Kanda aliyoiweka ilirekodiwa harusini, hapo hapo mtaani, miaka mingi iliyopita. Ganda lake halikuwa na jina wala tarehe. Udi ulianza peke yake, ukitafuta njia, bila ngoma. Kisha ngoma zikaingia taratibu, na baadaye sana ndipo sauti ya mwanamume ikaingia. Nyuma yake ungeweza kusikia watu wa harusi wakikohoa, mtoto akilia, mtu akimtuza mwimbaji na wenziwe wakimshangilia. Mpwa wangu alikuwa ameinama akisikiliza.

Katika wimbo wa pili sauti ilianza kuyumba kama ya mlevi, kisha ikakatika. Redio ilikuwa imeitafuna kanda. Mzee aliitoa kwa uangalifu, akaizungusha kwa kalamu mpaka utepe ukarudi ndani. Alipoicheza tena, sehemu ile ilikuwa imekunjamana na haikutoa ila mkwaruzo.

"Una nakala nyingine, babu?" kijana aliuliza.

"Nakala ni hii," alijibu. "Aliyetunga keshakufa, aliyeimba keshakufa, na bwana harusi mwenyewe keshakufa."

Hakuna aliyepata la kusema baada ya hapo.

Udi wa Zein

Nilikuwa na albamu moja katika simu, na usiku ule niliona ndio wakati wake. Ni Mtindo wa Mombasa ya Zein l'Abdin, iliyotolewa na kampuni ya GlobeStyle ya London mwaka 1990, yaani mwaka mmoja tu baada ya ile albamu ya mpwa wangu. Zein alizaliwa Lamu, akaishi na kufanya kazi yake Mombasa, na akafariki mwaka 2016. Alikuwa miongoni mwa mafundi wakubwa wa udi katika pwani yote ya Afrika Mashariki.

Taarabu ya Mombasa ina milango mingi. Mohamed Khamis Juma Bhalo, aliyefariki mwaka 2014, alisifika kwa kuzipachika tungo za Kiswahili kwenye mahadhi ya filamu za Kihindi, na mshairi Ahmad Nassir, mwandishi wa Malenga wa Mvita, alimtungia nyimbo nyingi. Maulidi Juma na Zuhura Swaleh walijulikana kwa chakacha za kuchangamsha harusi. Zein alikwenda njia nyingine. Alishika udi, akazipa nafasi ngoma za asili za Waswahili, na akachagua mashairi mazito, yakiwemo ya bingwa wa lugha Sheikh Ahmed Nabhany. Sauti yake haipigi makelele. Humwendea msikilizaji kama mtu anayezungumza na rafiki kwenye giza, asiyetaka kuamsha waliolala.

Huzuni yake si ile ya makaburi na popo. Mshairi wa Kiswahili hasemi wazi kwamba moyo umevunjika. Hutaja bahari, mwiba, ua au chombo kilichoachwa pwani, na msikilizaji huachiwa afumbue mwenyewe. Mwingereza yule hujaza mwangwi kwa mitambo ya studio ili usikie kama uko ndani ya jengo kubwa tupu. Zein huacha nafasi baina ya nyuzi, na kichochoro cha Kibokoni hufanya kazi iliyobaki. Hata hivyo mpwa wangu aliona undugu wao mapema kuliko mimi. Wote wawili, alisema, hawamkimbizi mtu. Ukiukata wimbo katikati, hujasikia kitu.

Kutoka santuri hadi kanda

Hoja hiyo ya muda ina historia. Mwaka 1928 Siti binti Saad alisafiri kutoka Zanzibar hadi Bombay kurekodi santuri. Upande mmoja wa sahani ya siku hizo ulichukua dakika 3 hivi tu, basi shairi refu ilibidi lipunguzwe. Sahani ndogo zilizofuata, zikiwemo za lebo ya Mzuri ya Mombasa, hazikuongeza sana, na mara nyingi wimbo mmoja uligawanywa pande mbili. Kanda zilipoenea katika miaka ya 1970, upande mmoja ulibeba dakika 30, au 45 kwa kanda ndefu. Sasa udi ungeweza kujitafutia njia bila saa kuuhimiza, kama ufanyavyo harusini.

Duka lililojulikana zaidi kwa kanda hizo lilikuwa Mbwana Radio Service, katika uwanja wa Pigott Place humo humo Mji wa Kale. Zein, Juma Bhalo na Maulidi waliingia katika nyumba za Waswahili kupitia kanda zake, na kanda moja iliazimwa, ikanakiliwa, ikavuka bahari hadi kwa jamaa walioko Oman na Dubai.

Lakini kanda si jiwe. Utepe wake ni plastiki iliyopakwa unga wa sumaku. Joto huulegeza, unyevu huuotesha ukungu, na hewa ya chumvi ya pwani hula vyuma vidogo vilivyo ndani ya ganda. Baadhi ya kazi za miaka ya 1965 hadi 1975 zimeokolewa: kampuni ya Buda Musique ya Ufaransa ilizikusanya katika sidii ya pili ya mfululizo wa Zanzibara, inayohusu enzi njema za taarabu ya Mombasa. Ni jambo la kushukuru. Lakini hakuna kampuni ya Ulaya itakayokuja kuchukua kanda ya harusi ya shangazi yako iliyo chini ya kitanda. Hiyo ni kazi ya wenyewe.

La kufanya nyumbani

Kazi hiyo haina gharama kubwa. Kanda zisimamishwe wima mahali pakavu, mbali na jua na mbali na spika, kwani spika zina sumaku. Usiicheze kanda ya zamani papo hapo. Izungushe kwanza yote polepole, mbele na nyuma. Kama ina ukungu, usiitie kabisa katika redio kabla haijasafishwa na mtu anayejua. Unganisha redio na kompyuta kwa waya, ucheze upande mzima bila kukatiza, na uhifadhi nakala mahali pawili. Kubwa kuliko yote, mkalishe mzee wa nyumba kando yako na umwulize: nani anaimba, nani ametunga, ilikuwa harusi ya nani, mwaka gani? Andika majibu siku hiyo hiyo. Kifaa kitaokoa sauti, lakini majina yako kwa wazee tu.

Mpwa wangu alibaki Mombasa siku tatu zaidi kuliko tulivyopanga. Aliazima waya na kompyuta, akanakili kanda 11 za mzee yule. Ile iliyotafunwa haikupona yote, ila wimbo wa kwanza umesalia mzima, pamoja na kilio cha mtoto na jina la mtunzi.

Kwa familia itakayopenda kuzuru Kibokoni, nenda baada ya isha, usiende mwezi wa Ramadhani wakati wa tarawehe, vaa mavazi ya heshima na usipige watu picha bila idhini. Nunua kahawa na kipande cha halwa, amkia waliokutangulia barazani, kisha nyamaza. Ukisikia udi kutoka dirisha la juu, usiulize haraka ni nani. Ngoja wimbo uishe.