Tundu la Moyo Lisilovuja Nje

Moyo katika Kiswahili una kazi nyingi kiasi kwamba ile ya kusukuma damu huonekana kama ya ziada. Mtu huvunjika moyo, hufa moyo, hupiga moyo konde, humtia mwenzake moyo, na lile asilotaka kulisema huliweka moyoni. Ndugu msomaji atakubaliana nami kwamba mwenye moyo mgumu hapelekwi hospitali, wala mwenye moyo mweupe hapewi dawa ya kuongeza damu. Basi na tumfikirie mama anayeitwa kando na muuguzi kijana na kuambiwa: “Mama, moyo wa mtoto wako una tundu.” Ni sentensi fupi, sarufi yake haina ila, nayo ni kweli tupu. Hata hivyo, nathubutu kudai kwamba ni miongoni mwa sentensi zinazoeleweka visivyo katika wodi za watoto, na kwamba kosa si la mama anayesikiliza.

Nilianza kulitafakari jambo hili nilipoletewa daftari na wanafunzi watatu wa uuguzi wa watoto tuliokuwa tukikaa nao bweni moja. Masomo yao hufundishwa kwa Kiingereza na mitihani yao ni ya Kiingereza, lakini mama anayelala na mwanawe wodini huwauliza maswali kwa Kiswahili, na hapo ndipo elimu yao yote hukwama kooni. “Wewe si ndiye bingwa wa lugha,” wakaniambia kwa utani uliochanganyika na haja, “tupe maneno.” Nilikubali upesi kuliko walivyotarajia. Sikuwaambia siku hiyo kwamba nyumbani kwetu, katika Kaunti ya Kilifi, dada yangu aliwahi kuishi majuma kadhaa kama mshtakiwa kwa sababu ya tundu hilohilo.

Tuanze na neno lenyewe. Tundu ni upenyo unaotokeza upande wa pili: tundu la sindano, matundu ya pua, ndoo yenye tundu. (Tundu pia ni kizimba cha kuku, na mtoto mtundu ni yule asiyetulia, muktadha huyaondoa hayo, japo mwanafunzi mmoja aliniapia kwamba alipolitaja tundu, bibi mmoja alicheka akasema wajukuu wake wote ni watundu.) Katika maisha ya kila siku, chombo chenye tundu huvuja. Ndoo huyapoteza maji, mtumbwi huyaingiza. Kwa hiyo mama husikia kwamba damu ya mwanawe inamwagika kifuani, naye huanza kuishi kwa mujibu wa picha hiyo. Mmoja aliacha kumbeba mtoto mgongoni, asije akalibana tundu likapanuka. Mwingine alikataa mwanawe kuchanjwa, akiona kwamba mtoto anayevuja ndani hapaswi kutobolewa tena nje. Wanafunzi wale walikuwa wakiliita jambo hili ujinga. Mimi niliwaambia kwamba ni ufahamu mzuri wa neno walilolitumia.

Picha tuliyoafikiana hatimaye ni ya nyumba. Nyumba hii ina vyumba vinne, viwili juu na viwili chini, na katikati umepita ukuta mmoja kutoka darini hadi sakafuni, usio na mlango. Upande wa kulia huipokea damu iliyokwisha kutumika mwilini na kuipeleka mapafuni ikatwae hewa safi. Upande wa kushoto huipokea kutoka mapafuni na kuisukuma mwilini kote. Tundu linalozungumziwa limo katika ukuta huo wa katikati, na aghalabu huwa baina ya vile vyumba viwili vya chini. Damu haitoki nje ya nyumba. Hupita chumba kwa chumba. Nayo hupita kutoka kushoto kwenda kulia, kwa kuwa chumba cha kushoto ndicho chenye nguvu. Kwa mtu mzima, moyo unapojikaza, shinikizo la chumba hicho hufikia milimita 120 za zebaki hivi, ilhali la chumba cha kulia ni kama 25 tu.

Matokeo yake ni kwamba damu iliyotoka mapafuni sasa hivi hurudishwa mapafuni tena, mfano wa abiria wa matatu aliyefika kituoni kwake akazungushwa safari nzima upya. Mapafu hufurika, moyo hufanya kazi ya ziada, na mwili uliokuwa ukiingoja damu hiyo hupunjwa. Ndiposa mtoto mwenye tundu kubwa huhema mbiombio, hutokwa na jasho kichwani anaponyonya, huliachia titi kabla hajashiba, akalala kwa uchovu na kuamka kwa njaa. Uzani hauongezeki. Nimonia humrudia kila mara. Wala mwanzoni hageuki rangi kuwa samawati, kwa sababu damu inayopotea njia ni ile safi. Muuguzi anayengoja midomo ibadilike rangi ndipo ashuku atangoja sana.

Hapa niliwapa wale wanafunzi kisa ambacho hawakuwa wamekisikia, kwa kuwa sisi wa fasihi nasi tuna vya kutoa. Galen, tabibu wa Kiyunani wa karne ya 2, alifundisha kwamba ukuta wa katikati ya moyo una vitundu visivyoonekana kwa macho, na kwamba damu hupenya humo kutoka kulia kwenda kushoto. Aliaminiwa kwa zaidi ya miaka elfu moja. Mnamo mwaka 1242, Ibn al-Nafis, mzaliwa wa Damascus aliyetabibu Cairo, aliandika kwa Kiarabu kwamba ukuta huo ni mzima, hauna upenyo wa dhahiri wala wa siri, na kwamba damu haina budi kuyapitia mapafu. Kwa hiyo tundu ambalo Galen alimgawia kila binadamu ni la wachache tu. Katika kila watoto 1,000 wanaozaliwa hai, takriban 8 hadi 10 huwa na kasoro fulani ya moyo, na tundu la ukuta wa chini ni miongoni mwa kasoro zinazoonekana zaidi.

Sasa nirudi kwa dada yangu, maana ndiko ninakotaka daftari lile lisomwe kutoka.

Mpwa wangu alizaliwa mzima kwa macho ya kila mtu. Alilia, alinyonya, aliruhusiwa kwenda nyumbani, na muuguzi aliyekisikiliza kifua chake hakusikia neno. Mwezi mmoja baadaye alianza kukonda. Kwetu, mtoto anayenyonya akikonda pasi na sababu, jina huwa tayari: chirwa, ugonjwa unaodaiwa kuletwa na mzazi aliyetoka nje ya ndoa ilhali mtoto bado ni mchanga. Shemeji yangu alikuwa akifanya kazi Mombasa na kurudi mwisho wa mwezi. Dada alikuwa nyumbani peke yake na mavyaa wake. Hesabu ilipigwa upesi. Mtoto alikuwa mzima alipozaliwa, sasa si mzima, basi kuna lililotendeka katikati. Kikao kiliitishwa, dada akatakiwa amtaje mwanamume. Hakuwa na wa kumtaja, na kimya chake kikahesabiwa kuwa jibu.

Naomba wanafunzi wa uuguzi waitazame vyema hoja hiyo, kwa sababu kimantiki haina kasoro. Inachokosa ni habari moja tu, nayo imo katika vitabu vyao. Mtoto akiwa tumboni hapumui kwa mapafu, na mishipa ya mapafu yake huwa imebana. Azaliwapo, mishipa hiyo haifunguki yote mara moja. Hulegea polepole kwa majuma kadhaa. Katika siku za mwanzo, shinikizo la upande wa kulia huwa bado liko karibu na la kushoto, na damu haina sababu kubwa ya kuvuka. Mapafu yanapoendelea kulegea, shinikizo la kulia hushuka, na tundu lililokuwapo siku zote huanza kupitisha damu kwa wingi. Ndiyo maana dalili hujitokeza aghalabu kati ya juma la nne na la nane. Vitabu huyataja majuma hayo kwa sentensi moja. Kwa dada yangu, sentensi hiyo ilikuwa ndiyo ndoa yake.

Aliyeisema ni muuguzi mwanagenzi katika hospitali tuliyopewa rufaa, nami nilikuwapo. Hakuanza na mama wa mtoto. Alimwendea mavyaa, akachutama mbele ya benchi alimoketi, akamwamkia: “Shikamoo, bibi.”

“Marahaba, mjukuu wangu.”

“Bibi, moyo wa mtoto hujengwa mapema sana. Ukuta wake hukamilika mimba ikiwa ya miezi miwili hivi, kabla hata jirani hajaitambua. Wa huyu ulibakia na upenyo tangu wakati ule.”

“Mbona basi alizaliwa mzima, akanyonya mwezi mzima?”

Binti yule aliuliza kama nyumbani kwa bibi kuna mapipa ya maji. Yapo. Akamwambia ayafikirie mawili yaliyounganishwa kwa mpira chini. Yakijaa sawasawa, maji hayahami. Moja likipungua, maji ya jingine hukimbilia huko. Mpira ulikuwapo tangu mwanzo. Kilichobadilika ni kina cha maji. Bibi alinyamaza kitambo, kisha akauliza swali ambalo hakuna daktari aliyekuwa amelijibu, kwa kuwa hakuna aliyejua kwamba linaulizwa: “Kwa hiyo hakuna aliyekosa?”

“Hakuna, bibi.”

Sikuwahi kusikia katika mhadhara wowote wa isimu mfano bora wa lugha inayotenda.

Maneno mengine katika daftari yalitusumbua zaidi. Ile sauti ambayo daktari huisikia damu inapovuka tundu, tuiite mnong'ono au mvumo? Nilipigania mvumo, kwa sababu mnong'ono humwambia mama kwamba kuna siri anayofichwa. Isitoshe, mvumo ulituletea methali bila kuitafuta: debe tupu haliachi kuvuma. Tundu dogo mara nyingi ndilo lenye mvumo mkubwa, kwa kuwa damu hulipenya kwa kasi, na mengi ya matundu madogo hujiziba yenyewe katika miaka ya mwanzo. Kelele si kipimo cha hatari.

Neno “subiri” nalo lilihitaji mjadala mrefu. Mama mwenye mtoto wa tundu dogo huambiwa asubiri, na wa tundu kubwa huambiwa asubiri zamu ya upasuaji. Ni neno moja kwa hali mbili zisizofanana hata kidogo. Tundu kubwa likiachwa kwa miaka, mishipa ya mapafu iliyofurishwa hukakamaa, shinikizo la kulia hulishinda la kushoto, na damu hugeuza njia. Hapo ndipo midomo huwa samawati, na hapo kuliziba tundu huweza kumwua mgonjwa badala ya kumponya. Victor Eisenmenger alimweleza mgonjwa wa hali hiyo mnamo 1897. Kwa hiyo muuguzi akisema “subiri”, aseme pia mpaka lini.

Wanafunzi wale ndio walionifunza kuhusu upasuaji wa tarehe 26 Machi 1954, huko Minnesota, Marekani, ambapo C. Walton Lillehei alilifungua pigo la moyo wa mtoto na kuliziba tundu la ukuta wa chini. Mashine ya moyo na mapafu haikutumika. Baba wa mtoto alilazwa kando yake, mishipa yao ikaunganishwa kwa mirija, na mapafu ya baba yakaipa hewa safi damu ya wote wawili. Mtoto alifariki siku chache baadaye kwa maradhi ya mapafu, lakini baada yake wengine walipona. Leo kazi hiyo hufanywa na mashine, na haifanywi ng'ambo tu. Nairobi na Eldoret hufanya, na mbio za Hospitali ya Mater zimewachangia watoto wengi gharama yake.

Mpwa wangu alipasuliwa akiwa na umri wa miezi kumi na mmoja, baada ya miezi ya dawa za kupunguza maji mwilini na uji uliokolezwa mafuta. Sasa yuko gredi ya tatu, ana kovu lililonyooka kifuani, naye ni mtundu kwelikweli.

Daftari lilipokamilika, nilikuwa nimeandika “kiambaza” kila mahali palipohitaji ukuta wa katikati, nikijivunia neno la kwetu. Wanafunzi wawili wa kutoka bara walilifuta wakaandika “ukuta”, na hatujapatana hadi leo. Mavyaa wa dada yangu hatumii lolote kati ya hayo. Kijijini, mtoto wa mwenzake akianza kukonda na chirwa ikatajwa, huwaambia wamtangulize hospitali kwanza. Wakimwuliza mjukuu wake alikuwa na nini, husema alizaliwa na kidirisha baina ya vyumba, wakakiziba.