Kompyuta Haifi Bure

Mimi ni fundi redio niliyeishia kwenye magari. Mzee aliyenifundisha kazi alikuwa na kibanda Gerezani, Dar es Salaam, na kwake pasi ya lehemu ilikuwa kitu cha kuombea ruhusa: uonyeshe kwanza kwa avomita umeme unaingia wapi na unapotelea wapi, ndipo uichomeke. Magari tulikuwa tunayasikia tu yakigongwa nyundo kwa majirani. Mambo yalibadilika miaka ya 1990, magari ya mtumba yalipoanza kumiminika kutoka Japani, mengine yakipitia Dubai. Kabureta ikaanza kupotea. Mahali pake zikaja nozeli, sensa na boksi la bati lililojificha nyuma ya dashibodi au chini ya kapeti, miguuni pa abiria. Mafundi injini, watu hodari wa kushusha injini asubuhi na kuipandisha jioni, wakifika kwenye boksi hilo walikuwa wanaita mtu wa redio.

Boksi hilo ndilo kompyuta ya gari, na ndani yake hakuna uchawi. Sensa zinaiambia kompyuta injini ina joto kiasi gani na hewa inayoingia ni nyingi kiasi gani, nayo inaamua plagi ichome lini na nozeli ifunguke kwa milisekunde ngapi. Kwa aliyezoea redio, bodi yenyewe si ngeni: kapasita, rezista, transista.

Niseme jambo ambalo halitawafurahisha wauza vipuri: kompyuta nyingi nilizoletewa zilikuwa nzima. Kilichokuwa kimeoza ni bolti ya ethi kwenye injini, iliyoshika kutu kwa hewa yetu ya chumvi, au relei isiyoshika. Ndiyo maana siku zote nilianza na taa. Ukifungua swichi kabla ya kupiga stata, taa ya injini lazima iwake. Isipowaka, na balbu ni nzima, basi kompyuta haipati umeme au imekufa. Hapo unapima volti 12 zinazoingia, unapima ethi, kisha unatafuta zile volti 5 ambazo yenyewe inazituma kwenye sensa. Kwenye Corolla za miaka ile hukuhitaji hata mashine. Unaunganisha pini za TE1 na E1 kwenye soketi ya kupimia kwa kipande cha waya, unahesabu taa inavyokonyeza. Mbili, kimya kidogo, mbili tena: hiyo ni 22, sensa ya joto la maji. Vijana wanaopimia magari kwa simu hunicheka nikiwasimulia, lakini kipande changu cha waya hakijawahi kuishiwa chaji.

Zile zilizokuwa zinaumwa kweli, ugonjwa wake ulikuwa na harufu. Mwalimu mmoja mstaafu aliniletea jipu lake la V6, toleo la 1992. Jina la kampuni nalihifadhi. Asubuhi lilikuwa linagoma kuwaka, na likiwaka, sailensa, yaani mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta, inapanda na kushuka mpaka linazimika kwenye foleni.

"Fundi, hiyo ni kompyuta ya tatu," akaniambia. "Zote za mtumba, na zote zimekufa."

"Pole sana, mwalimu. Hizo mbili za mwanzo umezitupa?"

"Nitupe hela yangu? Ziko kwenye buti."

Nikafungua kifuniko cha ile kompyuta ya tatu, nikanusa. Samaki. Kapasita za bodi ile zina majimaji ndani, na kwa miaka mingi ya kukaa kwenye joto, kizibo cha mpira kilicho chini yake hulegea, majimaji yakavuja na kuanza kula shaba ya bodi. Kwa macho unaona doa la kahawia tu, na miguu ya kapasita imefanya ukungu wa kijani. Nikazitoa, nikasugua bodi kwa mswaki na spiriti, nikakwangua rangi ya kinga kwa wembe mpaka shaba ikang'aa. Njia moja ilikuwa imeliwa kabisa. Nikaiunga kwa unyuzi wa waya. Kapasita mpya, maikrofaradi 47 volti 50, zinapatikana Kariakoo, ila ukifika dukani soma maandishi ya ubavuni mwenyewe. Muuzaji atakupa ya nyuzi 85, na wewe unataka ya 105.

Lakini kapasita hazikunitosheleza. Pembeni mwa bodi palikuwa na transista yenye kovu jeusi, mojawapo ya zile zinazoendesha mota ya sailensa. Transista haijichomi yenyewe. Nikaifungua mota, nikapima koili zake: tatu zilisoma karibu omu 30, ya nne omu tatu. Koili iliyopiga shoti inavuta umeme kupita kiasi, kwa hiyo kila kompyuta iliyofungwa kwenye jipu lile ilikuwa imepelekwa kuchomwa. Tangu mwanzo hakuna aliyekuwa ameipima mota. Transista nikainyofoa kwenye mojawapo ya zile kompyuta za kwenye buti, upande usioungua. Mota mwalimu akanunua mpya, shingo upande, na jipu likatulia.

Watu huniuliza kwa nini mtu ahangaike kutengeneza wakati za mtumba zipo. Kwa gari la mwaka 1992, kompyuta ya mtumba nayo ni ya zama hizohizo, na kapasita zake zimechemka miaka ileile. Unanunua ugonjwa uleule, ila haujaanza kunuka. Magari ya sasa ni habari nyingine: bodi nyingi zimefungwa kwa gundi, na kompyuta inautambua ufunguo wake, kwa hiyo kuihamishia gari jingine kunataka programu. Hiyo nimewaachia vijana.

Wewe mwenye gari la zamani, fundi akikuambia kompyuta imekufa, muulize imeuawa na nini. Kama hana jibu, usimpe hela ya kununua nyingine.