Shaba na Mayai ya Mama

Siku ya 17 niliamka alfajiri kugeuza mayai. Baridi ya mwezi wa sita hapa Tosamaganga, ndugu msomaji, aliyewahi kusoma shule huku hana haja ya kusimuliwa. Lakini nilipofungua kile kisanduku joto lilinipiga usoni. Kipimajoto kilikuwa kwenye nyuzi 42. Mayai ya kuku yanataka 37.5 au juu kidogo tu, tena kwa siku 21 mfululizo. Yalikuwa mayai 60, na mama alikopa fedha ya kuyanunua kwenye kikoba cha akina mama.

"Kumetokea nini, mwanangu?" Alikuwa amesimama mlangoni, kanga mabegani.

"Umeme, mama. Umekuja na nguvu usiku."

Nilidanganya. Balbu zilikuwa zinawaka bila kuzimika, na anayezizima ni bodi niliyoitengeneza kwa mikono yangu mwenyewe.

Kazi yenyewe niliifanya kwa mbwembwe. Nilipata kipande cha bodi chenye ngozi ya shaba, nikachora njia za umeme kwa makapeni, nikakizamisha ndani ya feriki kloraidi. Dawa ikala shaba yote iliyokuwa wazi, ile iliyofunikwa na wino ikabaki. Nikafuta wino kwa spiriti. Bwana wee! Shaba iling'aa kama pete ya bibi harusi. Niliwaonyesha washikaji wote kijiweni, kila mmoja akaishika kwa vidole vyake. Nikaiacha vilevile, sikuipaka kitu. Risasi ilipogoma kushika, nikaazima dawa ya kulehemu kwa fundi wa ndoo, jirani yetu. Risasi ikashika mara moja, nami nikajiona mtaalamu.

Baada ya mayai kuharibika nilipanda gari hadi Iringa mjini kwa mzee mmoja fundi redio. Nikamwamkia, nikamkabidhi bodi. Akaigeuza, akavaa miwani. Kwenye viungo kulikuwa na unga wa kijani, na njia moja nyembamba, ile inayokwenda kwenye kidude cha kupima joto, ilikuwa imekatika kabisa. Sakiti ikadhani mayai yana baridi, ikawasha balbu moja kwa moja.

"Dogo," akasema, "dawa hii ni ya ndoo na rejeta. Ina asidi. Umeiacha kwenye shaba, halafu ukaiweka bodi ndani ya sanduku lenye sufuria ya maji. Ulitegemea nini?"

Nikajitetea kwamba nimesoma mahali kuwa shaba ikigeuka kijani inajilinda. Si ndivyo ilivyo ile Sanamu ya Uhuru ya New York, iliyozinduliwa mwaka 1886? Mzee akacheka. Hesabu yenyewe iko wazi: shaba ya sanamu ile ina unene wa kama milimita 2.4, kwa hiyo inaweza kupoteza ngozi ya juu na isisikie. Shaba ya bodi ya kawaida ni milimita 0.035. Ikipoteza ngozi, imekwisha. Na chumvi ya jasho la vidole nayo inaharakisha kuila.

Siku hiyo alinifundisha kazi, na bila kunidai hata senti. Kwanza unasugua shaba kwa waya laini wa kusugulia sufuria, unaosha kwa maji, unakausha, na kuanzia hapo unashika bodi kwa kingo tu. Pili, unapaka rozini, yaani utomvu mkavu wa misindano, jamaa ya ile misitu ya Sao Hill kule Mufindi. Unauponda, unauyeyusha katika spiriti, unapaka kwa brashi. Unaikinga shaba na hewa, na wakati wa kuchoma unasaidia risasi kushika bila kuacha asidi. Tatu, unapitisha risasi nyembamba juu ya njia zote. Risasi ya mafundi, mchanganyiko wa bati na risasi 60 kwa 40, huanza kuyeyuka kwenye nyuzi 183. Dirisha liwe wazi kwa ajili ya moshi, na mikono uinawe kabla ya kula. Mwisho, vifaa vyote vikishachomwa na bodi kujaribiwa, unasafisha rozini iliyobaki kwa spiriti, unaacha ikauke, ndipo unapaka vanishi mara mbili. Kitufe cha kurekebishia joto na sehemu za kuunganishia nyaya usiziguse.

"Watu wanapenda shaba ing'ae," mzee alisema. "Mimi napenda ifanye kazi."

Njiani kurudi bodi mpya niliipakata mapajani. Kilichonisumbua hakikuwa bodi tena. Jioni nilimkuta mama jikoni anasonga ugali. Nikakaa kwenye kigoda, nikamweleza yote: dawa ya ndoo, shaba, uongo wa umeme.

Hakugeuka. Aliendelea kusonga mpaka ugali ukaiva.

"Nilijua," akasema. "Umeme ungekuja na nguvu, balbu zingeungua. Zilikuwa nzima."

Nilikosa pa kuweka macho. Siku zote hizo alikuwa akingoja niseme mwenyewe.

Wiki iliyofuata aliniwekea mezani mayai 12. Siyo 60. Sikuuliza kwa nini. Kila asubuhi nilifungua kile kisanduku na kuitazama bodi kabla ya kutazama mayai. Chini ya vanishi njia zilikuwa za kijivu, hazivutii hata kidogo, wala hakuna mshikaji aliyeomba kuzishika.

Siku ya 21 vifaranga tisa walitoka. Deni la kikoba bado lipo, tunalilipa wawili, mama na mimi.